Gari ya zamani inazima ovyo alafu inawaka kama hamna kitu: jinsi ya kuukamata ugonjwa hatua kwa hatua

Kama gari yako inazima yenyewe ukiwa barabarani, unahangaika nayo pembeni dakika kumi, alafu inawaka kama haijawahi kuumwa, huu mwongozo ni wako. Wengi wanakwama palepale. Gari inafika kwa fundi ikiwa imeshapoa, inanguruma vizuri kabisa, fundi anasikiliza, anakuna kichwa, anabadilisha plagi. Wiki inayofuata imezima tena, anabadilisha pampu. Imezima tena. Kufikia hapo umeshanunua nusu ya gari na ugonjwa bado umekaa unakuangalia.

Gari inayozima mara moja moja haipimwi ikiwa nzima, inapimwa ikiwa imekufa. Zile dakika chache baada ya kuzima ndo muda pekee ugonjwa uko wazi, na karibu kila kitu hapa chini ni maandalizi ya hizo dakika. Naongelea gari za petroli, za kabureta (mafuta yanavutwa na hewa) na za nozeli (mafuta yanapulizwa kwa presha). Dizeli ina kipande chake kidogo kule chini.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Daftari na kalamu, vikae ndani ya gari muda wote.
- Mita ya umeme ya dijitali, ya kawaida tu.
- Vibalbu viwili vidogo vya volti 12, waya mrefu, na fyuzi mbili ndogo za kuunga kwenye huo waya.
- Kipimo cha moto wa plagi. Ukikosa, plagi moja nzima ya akiba na waya wa kuibana kwenye ethi (chuma cha injini au bodi kinachorudisha umeme kwenye betri).
- Geji ya presha ya mafuta yenye mpira mrefu.
- Skana (mashine ya kusoma kompyuta ya gari), kama gari yako ina soketi ya OBD2, yaani tundu la kuichomekea. Gari za petroli za soko la Marekani zinayo kuanzia 1996, za Ulaya kuanzia 2001. Za zamani zaidi zenye kompyuta, nyingi zinasomwa kwa kuhesabu jinsi taa ya cheki injini inavyokonyeza.
- Spreyi ya kusafishia throto bodi (mlango wa hewa ya injini), spreyi ya kuwashia, brashi ya waya, msasa laini, chupa ya maji yenye kinyunyizio, kitambaa, tochi.
- Kizima moto. Utafungua paipu za petroli karibu na injini ya moto, usijifanye hodari.
- Kitabu cha gari yako. Namba nitakazotoa ni za gari nyingi, sio za zote, na kitabu kikisema tofauti fuata kitabu.

## Hatua ya 1: Jifunze kuzimikiwa bila kuumia

Utaitembeza gari ukijua itazima, kwa hiyo hili linatangulia. Injini ikikata, usukani unakuwa mzito ila bado unakata kona, uvute kwa nguvu. Breki zina hewa ya akiba ya kukanyaga mara chache tu, kwa hiyo kanyaga mara moja, shikilia, usipampu. Washa hazadi, weka nyutro, sogea pembeni na mwendo uliobaki.

Usirudishe ufunguo mpaka mwisho gari ikiwa bado inatembea, usukani unaweza kujifunga. Na majaribio yote fanya kwenye barabara tulivu, mchana, una mtu wa kukusaidia. Kama inazima kwenye mwendo mkali kwenye barabara yenye magari mengi, acha kuendesha, ipelekwe kwa kuvutwa.

## Hatua ya 2: Daftari kwanza, spana baadae

Kila ikizima andika: injini ilikuwa ya moto au baridi, umetembea muda gani, mafuta kwenye tenki yalikuwa kiasi gani, ulikuwa unafanya nini (mlima, kona, breki, umesimama, umewasha AC), ilikata ghafla kama umezima swichi au ilianza kukohoa kwanza, na ilichukua dakika ngapi kuwaka tena.

Najua inachosha. Ila majibu matano sita ya hivyo yanakupa njia kuliko mita yoyote:

- Imekata ghafla bila kukohoa: anza na umeme. Swichi, relei (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme), sensa ya krenki (inayoiambia kompyuta injini inazunguka), ethi.
- Imeanza kukohoa, ikapoteza nguvu, ikafa taratibu: anza na mafuta.
- Inazima ukisimama tu, ukikanyaga mafuta inaendelea kuishi: hewa na sailensa (injini kuzunguka yenyewe bila mguu kwenye mafuta), ruka mpaka hatua ya 8.
- Inazima ikipata moto, inawaka ikipoa: sensa ya krenki, koili (inayokuza umeme wa plagi), modyuli ya ignisheni (inayoiamuru koili), au pampu inayochoka.
- Inazima kwenye shimo au tuta: waya uliolegea, swichi ya ufunguo, vichwa vya betri.
- Inawaka sekunde moja mbili na kuzima kila ukijaribu, na kuna taa ya ufunguo inakonyeza: mfumo wa kuzuia wizi.

Kitu kimoja cha kuangalia kwa jicho kali ni mshale wa mizunguko pale inapokata. Gari yangu mwenyewe ilinisumbua miezi, nimeshabadilisha plagi, filta na pampu, yote bure. Siku moja nipo gia ya nne nateremka, ikakata, sikukanyaga klachi kwa hiyo magurudumu bado yanaizungusha injini, nikatupa jicho kwenye dashibodi nikaona mshale umeanguka sifuri kama jiwe. Injini inazunguka kabisa, naisikia, mshale unasema sifuri! Maana yake taarifa ya kuzunguka haifiki. Nikafika pembeni, nikafungua boneti, nikafunika sensa ya krenki na kitambaa kilichoroweshwa maji, dakika mbili ikawaka, wakati siku zote ilikuwa inataka nusu saa. Pampu yangu ya zamani ilikuwa nzima na nilishaitupa.

Ukiona mshale unashuka taratibu pamoja na mwendo, hapo sensa haina shida, elekea kwenye mafuta. Ukianguka sifuri ghafla magurudumu yakiwa bado yanasukuma injini, elekea kwenye sensa na umeme wa ignisheni. Jaribio hili ni la gari za manyuo, kwenye otomatiki injini inaweza kusimama kweli baada ya kukata.

## Hatua ya 3: Betri, ethi na ufunguo

Hii fanya nyumbani, gari ikiwa nzima. Ni rahisi na inamaliza kesi nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Pima betri gari ikiwa imelala usiku kucha: karibu volti 12.6 ni nzuri. Washa injini, pima tena: kati ya 13.5 na 14.7. Ikibaki 12 na kitu wakati injini inazunguka, altaneta haichaji na kompyuta itakata gari voltage ikishuka sana.

Alafu ethi. Waya mmoja wa mita weka kwenye nguzo hasi ya betri (nguzo yenyewe, sio kichwa cha waya), mwingine kwenye chuma kitupu cha injini. Injini ikiwa inazunguka na taa kubwa zimewashwa, mita isizidi 0.2. Rudia upande wa bodi. Ikizidi, fungua kila bolti ya ethi, sugua kwa brashi mpaka chuma king'ae, funga tena. Usiamini waya kwa kuuangalia tu, unaweza kuwa mzuri nje na ndani ya ganda umeoza umekuwa unga wa kijani.

Sasa acha injini kwenye sailensa, tikisa vichwa vya betri, tikisa mafungu ya waya karibu na injini, kisanduku cha fyuzi, soketi moja moja. Mikono na nguo mbali na feni na mikanda. Mwisho kaa ndani, chezesha ufunguo kidogo kwenye tundu lake bila kuuzungusha. Injini ikizima au ikikohoa umeshapata. Kama una mnyororo wa funguo kumi na mdoli juu yake, utoe leo, uzito ule ukibembea miaka unakula swichi.

Utajua umefaulu: umetikisa kila kitu na injini haijabadilika sauti hata kidogo.

## Hatua ya 4: Soma kodi ila usiziabudu

Kodi ni namba za makosa ambazo kompyuta ya gari inazihifadhi. Soma, andika, usifute kwanza. Sensa ya krenki inaweza kukata gari bila kuacha kodi yoyote. Na kodi inataja mzunguko wenye shida, haisemi kipi kimekufa: kodi ya sensa inaweza kuwa waya wake umeguswa na egzosti ukayeyuka. Mtu anayenunua sensa kwa sababu skana imesema tu ndo yule wa plagi wa pale juu.

## Hatua ya 5: Tega mtego

Nakuomba usiruke hapa. Chukua balbu ya kwanza, waya mmoja kwenye chanya ya koili (umeme unaokuja ufunguo ukiwashwa), mwingine kwenye ethi. Balbu ya pili kwenye waya unaopeleka umeme kwenye pampu ya mafuta. Kila waya uwe na fyuzi yake ndogo mwanzoni kabisa, karibu na pale unapochukua umeme. Pitisha waya kwenye nafasi ya mlango, bandika balbu kwenye dashibodi kwa tepu, andika ipi ni ipi. Waya usiguse egzosti wala usipite karibu na usukani au pedeli.

Endesha mpaka izime, na mwambie mwenzako aangalie balbu, sio barabara.

- Zote mbili zimezimika papo hapo: umeme wa juu umekata. Swichi ya ufunguo, relei kuu, fyuzi iliyolegea.
- Ya pampu imezimika kwanza, injini ikakohoa baadae: relei ya pampu au waya wake.
- Injini imekata kwanza, sekunde moja mbili baadae balbu ya pampu ikazimika: hii ni kawaida kwenye gari nyingi zenye kompyuta! Kompyuta ikiona injini haizunguki inazima pampu yenyewe kwa usalama. Watu wengi wanaona pampu haina umeme wanahukumu relei, kumbe relei imetii amri. Shida iko kwenye moto au sensa.
- Zote zinawaka na injini imekufa: umeme upo, kilichokosekana ni moto wa plagi au mafuta yenyewe.

Unaona kwa nini mpangilio wa nani kazima kwanza ni muhimu kuliko kujua tu nani kazima.

## Hatua ya 6: Imekufa, una dakika chache, fanya haraka kwa mpangilio huu

1. Ufunguo kwenye "on". Taa za dashibodi zimewaka? Zikiwa zimekufa zote, rudi kwenye betri, fyuzi kuu na swichi.
2. Sikiliza upande wa tenki. Gari nyingi za nozeli, pampu inalia zzzz sekunde mbili tatu ufunguo ukiwashwa.
3. Fungua mfuniko wa tenki alafu jaribu kuwasha. Kasauti ka hewa peke yake sio ugonjwa, ila kama inawaka mara moja kila ukifungua, na bila kufungua inakataa, njia ya hewa ya tenki imeziba.
4. Piga stata ukiangalia mizunguko kwenye skana. Inatakiwa isome kitu, mia na ushee au mia mbili hivi. Ikisoma sifuri na stata inazungusha vizuri, mshukiwa ni sensa ya krenki au waya wake.
5. Weka kipimo cha moto kwenye waya wa plagi, mwenzako apige stata. Moto wa bluu unaoruka kwa nguvu ni mzuri, mwekundu dhaifu au hamna kabisa, nenda kwenye umeme.
6. Moto upo? Puliza spreyi ya kuwashia kidogo kwenye mdomo wa hewa, toa kichwa, piga stata. Ikishika sekunde moja na kufa, injini ilikuwa inakosa mafuta.

Onyo: moto wa plagi unapiga vibaya, usishike waya kwa mkono mtupu, na usipime moto kama kuna harufu ya petroli. Spreyi ya kuwashia usiitumie kabisa kwenye dizeli yenye plagi za joto.

### Ukikosa moto

Sensa ya krenki ya waya mbili inapimwa kwa omu, nyingi zinasoma kati ya 200 na 1,500. Pima ikiwa baridi, alafu pima ikiwa ya moto, kwa sababu ikiwa baridi itakudanganya. Ya waya tatu kwa kawaida haipimwi hivyo, hiyo inataka kuangaliwa umeme unaoingia na ishara inayotoka.

Koili na modyuli za gari za distribyuta (kile kinachogawa moto kwa kila plagi) zinakufa kwa joto. Ford za miaka ya 1980 zenye modyuli iliyobandikwa ubavuni mwa distribyuta zilijulikana sana kwa hilo. Ukiwa nyumbani, ipashe koili au modyuli kwa mashine ya kukaushia nywele injini ikiwa inazunguka, moja moja. Ile itakayokuzimia gari ndo hiyo.

Relei nayo ifungue ganda lake uangalie lehemu kwa tochi. Duara jembamba jeusi kuzunguka mguu wa relei ni lehemu iliyopasuka, joto linaiachanisha na baridi inairudisha. Relei kuu za Honda za zamani zimesumbua wengi kwa sababu hiyohiyo, hasa gari ikiwa imesimama juani. Inalehemiwa upya na inapona.

### Ukikosa mafuta

Punguza presha kwanza: toa relei ya pampu, washa injini iache ifie yenyewe. Alafu funga geji. Kabureta nyingi zinataka psi 3 mpaka 7, nozeli za kila silinda nyingi 35 mpaka 60, na zile za nozeli moja juu ya throto bodi zinataka ndogo zaidi, angalia kitabu.

Kama mpira wa geji ni mrefu, ulaze kwenye kioo cha mbele kwa nje, ubane na waipa, uendeshe ukiuona. Usiingize mpira wa petroli ndani ya gari hata iweje. Kagua hauvuji kabla hujaondoka.

Presha ikishuka ndo injini ikohoe, pima umeme kwenye pampu yenyewe injini ikiwa inazunguka. Ukiwa karibu sawa na wa betri na ethi yake ni nzima, basi filta imeziba, chujio la ndani ya tenki limejaa uchafu, au pampu imechoka. Ukiwa volti 9 au 10, pampu usiiguse, tafuta waya au relei.

Gari inayozima mlimani au mwendo mrefu, ukasubiri dakika kumi ikawaka, mara nyingi ni uchafu wa tenki: pampu inauvuta mpaka unafunika chujio, injini ikifa uchafu unaanguka chini. Na kama inazima tenki likiwa karibu tupu tu, kumbuka petroli ndo inayoipoza pampu ya ndani ya tenki, wanaoendesha na robo kila siku wanaichoma taratibu. Ukigonga chini ya tenki kwa nyundo ya mpira pampu ikaamka, iage.

## Hatua ya 7: Dizeli kwa ufupi

Hapa hamna moto wa plagi. Angalia hewa inayoingia kwenye paipu za mafuta (weka kipande cha paipu inayoonyesha ndani, mapovu utayaona), maji kwenye filta, na kwenye pampu za zamani ile selenoidi ya kuzimia (valvu ya umeme inayokata mafuta) ambayo waya wake ukilegea injini inakata ghafla.

## Hatua ya 8: Inazima ukisimama tu

Fungua paipu ya hewa uangalie throto bodi. Ukingo wa kile kisahani ukiwa na utepe mweusi wa masizi, hewa ya sailensa haipiti. Safisha kwa spreyi na kitambaa injini ikiwa imezimwa, safisha na valvu ya sailensa. Kisahani kinachoendeshwa kwa umeme usikilazimishe kwa kidole. Baada ya hapo sailensa inaweza kupanda au kuyumba kidogo mpaka kompyuta izoee.

Hewa ya wizi: nyunyiza maji kwenye mipira yote midogo na maungio ya manifoldi. Sauti ikibadilika sehemu moja, mpira umepasuka hapo. Wengine wanatumia spreyi ya kabureta, inafanya kazi ila inawaka moto, mimi nabaki na maji.

Inazima ukikanyaga breki? Bana ule mpira mnene wa hewa unaokwenda kwenye busta ya breki (inayokuongezea nguvu ya kukanyaga), gari ikiwa imesimama na imefungwa hendibreki. Shida ikipotea, busta inavuja. Usiendeshe ukiwa umeubana.

Otomatiki inayotetemeka na kuzima unapokaribia kusimama, kama manyuo uliyosahau klachi, hiyo inaweza kuwa loku ya konveta (klachi ya ndani inayofunga injini na giaboksi) imegoma kuachia, sio injini kabisa. Valvu ya EGR (inayorudisha moshi wa egzosti kwenye injini) iliyokwama wazi nayo inaua sailensa, itoe uisafishe masizi.

## Hatua ya 9: Hakikisha kweli imepona

Badilisha kitu kimoja tu. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo hutajua kipi kilikuwa, na kile kibovu kikirudi hujui pa kuanzia.

Alafu rudi kwenye daftari, rudia hali ileile: mlima uleule, joto lilelile, tenki kiasi kilekile. Kama ilikuwa inazima kila baada ya siku tatu, siku nne bila kuzima hazijathibitisha chochote, nipe wiki mbili. Balbu za mtego ziache kwenye dashibodi muda wote huo, na kile kifaa cha zamani kiweke kwenye buti, usikitupe mpaka wiki mbili ziishe.